Kesi Yako Imefungwa: shajara ya kufufua banda la gemu

Jumatatu: orodha ya wagonjwa

Shule zinafungwa mwanzoni mwa Juni, na banda la gemu la mjomba huku Mbagala linaishi kwa likizo. Siku za kawaida watoto wanakuja jioni na shilingi 500 ya mechi moja. Likizo wanakuja asubuhi na hawaondoki mpaka waitwe nyumbani kwa majina yao yote matatu. Mashine zipo nne na inayocheza ni moja tu. Mjomba amenikabidhi kazi kwa sharti kwamba hatununui mashine nyingine, tunafufua hizi hizi. Naandika kila kinachofanyika ili nisije kuulizwa baadaye hela ya skrubu imekwenda wapi.

Majina ya kampuni nayaacha, sitaki kesi nyingine juu ya hii niliyonayo. Nimeziita kwa ugonjwa. *Feni* ndiyo inayocheza, lakini inanguruma kama mashine ya kusaga na ikipata moto inakwamakwama. *Poti* inawaka bila picha, tangu dogo mmoja ajikwae kwenye waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye luninga, akishangilia goli. *Diski* inameza CD, inawaza, inaitema. *Mpya* ndiyo ghali kuliko zote, ya kizazi cha sasa, shemeji aliinunua Dubai mwaka jana akampa abiria aje nayo. Inawaka vizuri, inacheza vizuri, halafu katikati ya mechi inazima kimya kimya bila onyo lolote kwenye luninga.

Kuna pia ndoo ya pedi mbovu, yaani vile vidude vya mkononi vya kuchezea. Hiyo itasubiri.

Jumanne: kutafuta mlango wa kampuni

*Mpya* siifungui. Bado ina miezi ya waranti, na ukishaweka bisibisi umewapa sababu ya kukukatalia. Ile stika ya "ukiibandua waranti imekufa" ina historia yake: Aprili 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliziandikia kampuni sita barua za onyo kuhusu maneno ya aina hiyo, Microsoft, Sony na Nintendo zikiwemo, kwa kuwa sheria ya huko ya mwaka 1975 hairuhusu waranti kufungwa kwenye fundi au vipuri vya kampuni peke yake. Safi kabisa, kwa mtu wa Ohio. Mimi niko Mbagala na stika yangu naiheshimu.

Ukurasa wa msaada unaanza na orodha ya nchi. Nimeshuka nayo taratibu mpaka kwenye T: Taiwan, kisha Thailand. Pale katikati ndipo tungekuwa sisi, na hatupo. Afrika Kusini imo, nikaichagua kwa kuwa ndiyo jirani wa karibu aliyetajwa. Fomu ikadai postikodi ya tarakimu nne. Ya kwetu ina tano, ikagoma. Nikarudi nyuma nikachagua Falme za Kiarabu, maana mashine ilinunuliwa huko, na huko postikodi hawana kabisa, wanatumia sanduku la posta. Nikaweka sanduku la posta la ofisini kwa shemeji, Sharjah. Fomu ikaridhika.

Kwanza akaja roboti. Akauliza kama mashine imechomekwa ukutani. Nikajibu imechomekwa. Akanipa makala ya jinsi ya kuchomeka mashine ukutani. Baada ya kuandika "nataka mtu" kwa kila namna ninayoijua, akaja mtu. Akajitambulisha, akanijulia hali, akanishukuru kwa uvumilivu wangu kabla sijavumilia chochote. Kisha akaniomba nizime mashine, nichomoe waya, nisubiri, nichomeke tena. Nilikuwa nimeshafanya hivyo, na nilikuwa nimeandika kwamba nimeshafanya, kwenye kisanduku chenye maneno "eleza hatua ulizochukua". Kisanduku kile naamini kimewekwa ili mteja apumue.

Nikamfuata hatua kwa hatua. Waya mwingine wa umeme, waya mwingine wa HDMI, luninga nyingine, soketi nyingine, kuingia kwenye hali salama, kupanga upya hifadhidata. Kila hatua mashine inakubali, inacheza robo saa, inazima. Tulipofika kwenye swali la risiti, umeme ukakatika mtaa mzima. Luninga, taa, na ruta ya intaneti vyote chini. Nikahamia kwenye bando la simu, na ujumbe ukawa umeshatangulia: mteja hakujibu ndani ya muda, kesi yako imefungwa. Chini yake nyota tano tupu, nieleze nimeridhika kiasi gani.

Jumatano: Poti

Hii ni kazi ninayoipenda kwa sababu haina mhudumu.

Poti ya HDMI ina pini 19. Kwenye hii ulimi wa plastiki umepasuka na pini kadhaa zimelaliana upande mmoja. Lakini kabla ya kuwasha bloa ya hewa ya moto nimepima bodi kwa mita, kwenye alama ya dayodi, pini baada ya pini. Mistari ya data inatakiwa itoe namba zinazokaribiana. Ukikuta mmoja unasoma sifuri, acha kununua poti. Kuna uwezekano mkubwa chipu inayosukuma picha imekufa, na bei ya kazi inabadilika hapo hapo. Zangu zimekaribiana zote. Yaani dogo alivunja mlango tu, nyumba nzima ni salama.

Shida ya poti hizi ni lehemu. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya umezuia madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya umeme, na viwanda vikahamia kwenye mchanganyiko wa bati, fedha na shaba, unaoanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Ile ya zamani ya bati na risasi inayeyuka kwenye 183. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ujaribu kuyeyusha miguu ya poti iliyozama kwenye tabaka la shaba linalokunywa joto lako lote. Kwa hiyo unaongeza lehemu yenye risasi juu ya ile ya kiwandani, zichanganyike, mchanganyiko uwe laini. Unapaka flaksi, dawa ya kufanya lehemu itiririke, bila ubahili. Unaziba vipuri vya jirani kwa utepe unaostahimili joto, unaweka bloa kwenye 380, unazungusha, unasubiri.

Usivute. Hapo ndipo bodi nyingi zinazoletwa kwangu "fundi mwingine ameshindwa" zilipofia. Poti ikiwa tayari, ukiigusa kwa kibano inasogea kidogo na kujirudisha mahali pake yenyewe, inaelea. Ndipo unainyanyua. Ukivuta kabla ya kuelea unaondoka na njia za shaba za kwenye bodi, na jioni yako itaishia chini ya darubini ukiunga nyaya moja moja.

Poti mpya nimeipata Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni orijino. Nilimwambia orijino au la, nataka yenye miguu iliyonyooka. Imekaa vizuri. Picha imetoka mara ya kwanza.

Kinga: kipande kifupi cha waya wa HDMI sasa kinakaa kwenye mashine muda wote, kimefungwa kwenye mguu wa meza kwa kamba ya plastiki, na waya mrefu unaungwa baada ya hapo. Mtu akijikwaa anavuta meza. Mjomba aliijaribu kwa kuipiga teke, akaridhika.

Alhamisi: mhudumu mwingine, salamu zile zile

Kesi ikifungwa hairudi kwa mhudumu yule yule. Inafunguliwa upya, na aliyepokea leo anaanza kwenye kuchomoa na kuchomeka. Nimempa namba ya kesi ya Jumanne, akasema anaiona, akaniomba nichomoe na kuchomeka. Siwalaumu sana wao. Anasoma karatasi aliyopewa, na inavyoonekana anapimwa kwa idadi ya kesi anazofunga kwa saa.

Safari hii nilijipanga. Ruta nimeiunga kwenye UPS ndogo ya kompyuta, ile yenye betri inayoshika umeme ukikatika. Majibu yote nimeyaandika mapema kwenye simu, nanakili na kubandika. Video ya mashine ikizima ninayo, saa ya ukutani ikionekana nyuma yake. Namba ya utambulisho ya mashine, ile wanayoiita siriali, ninayo kwa picha.

Risiti ndiyo iliyotaka kuniangusha. Karatasi za risiti za maduka zinachapishwa kwa joto, hazina wino, na hii ilikaa miezi kwenye droo ya banda la mabati. Imefifia mpaka imekuwa nyeupe, jina la duka tu linaonekana kwa mbali. Bahati nzuri shemeji aliipiga picha siku ile ile dukani kumwonyesha dada bei aliyoipata, na picha bado ilikuwa kwenye mazungumzo yao ya WhatsApp. Wote mnaoagiza vitu Dubai: mwambieni mnunuzi apige picha ya risiti kabla hajatoka dukani.

Kisha akaniuliza swali ambalo kwa haki ni zuri: kwa nini akaunti ni ya Uingereza, mashine ni ya Falme za Kiarabu na mteja yuko Tanzania? Nikamwambia ukweli. Duka lao la mtandaoni halina Tanzania, hivyo mabanda karibu yote huku yanatumia akaunti za Uingereza au Marekani, na salio tunanunua kwa kadi za zawadi. Akanyamaza kidogo, akaandika kwamba anaelewa, akaniomba nirudishe mashine katika hali ya kiwandani kama hatua ya mwisho.

Hatua hiyo inafuta kila kitu. Ndani ya *Mpya* kuna msimu wa nne wa ligi wa dogo mmoja wa darasa la sita, aliyeipandisha timu ya daraja la chini mpaka ikacheza Ulaya, kwa shilingi mia tano mia tano. Kunakili kumbukumbu za gemu mpya kwenye flashi mashine hairuhusu; kuzipandisha kwenye seva za kampuni ni mpaka ulipie kwa mwezi, na mjomba hakulipia. Nikamweleza mhudumu kwamba mashine inayozima hata ikiwa kwenye menyu tupu haiwezi kuwa na ugonjwa wa kumbukumbu za gemu. Akajibu kwamba bila hatua hiyo mfumo haumruhusu kwenda ukurasa unaofuata.

Nimeomba siku ya kufikiria. Kesi imewekwa "inasubiri mteja".

Jumamosi: Feni na wapangaji wake

Banda limepakana ukuta na kibanda cha chipsi. Mvuke wa mafuta unapita juu kwenye upenyo wa mabati, unatua kwenye luninga, unatua kwenye mashine, na vumbi la barabarani likifika linakuta gundi tayari. Hilo nililitegemea. Nilipofungua skrubu zile za nyota zenye kitundu katikati na kuinua kifuniko, feni ilikuwa imefunikwa na utando mnene ambao uliinuka wote kwa pamoja nilipoushika kwa kibano.

Pawa saplai, sehemu inayopokea umeme wa ukutani, ndiyo iliyonitoa jasho. Kwanza, ukishachomoa waya usiivamie. Ile kapasita kubwa inabaki na umeme wa volti zaidi ya 300, kwa sababu 230 ya ukutani ikishanyooshwa inapanda mpaka kilele chake. Niliiacha mpaka baada ya adhuhuri, nikapima, ndipo nikatoa kifuniko.

Mende. Wakubwa, wadogo, maganda ya waliojivua, vifuko vya mayai vimebandikwa kwenye mbavu za kipoza joto kwa mpangilio mzuri kuliko skrubu za kiwandani. Mmoja alikuwa amekauka katikati ya miguu miwili ya transista, na pale alipokaa ubao umeungua ukawa mweusi. Ndani ya mashine ya gemu mende ana kila kitu: giza, joto la usiku na mchana, na matundu ya hewa yanayomtosha yeye na wanawe. Na usiseme ni uswahilini tu. Mafundi wa Marekani wanayakuta haya haya kwenye mashine zinazoletwa kutoka nyumba za heshima, na wapo wanaotoza ada ya ziada ya mende.

Nilimwita mjomba aone. Akachungulia, akakaa kimya, akauliza, "Na hawa nao walikuwa wanalipa mia tano?"

Usafi umechukua muda mrefu kuliko ukarabati wenyewe. Brashi ya meno, spiriti, kitambaa, tena spiriti. Pale palipoungua nimekwangua mkaa mpaka nikafika kwenye ubao safi, kwa sababu mkaa unapitisha umeme, ukiuacha siku moja utawaka. Kwenye chipu kuu pesti ya joto, ile inayopitisha joto la chipu kwenda kwenye kipoza, ilikuwa imekauka inapukutika unga. Nimeifuta, nikaweka mpya kiasi cha punje ya choroko, nikabana kipoza joto kwa skrubu za mshazari ili kisiegemee upande mmoja. Jioni tumecheza mechi nzima na kusikia sauti ya mtangazaji. Mteja mmoja aliuliza kama tumebadilisha luninga.

Lakini mende watarudi kama mafuta yataendelea kuja. Tulikwenda na mjomba kwa mwenye chipsi, tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, tukala sahani moja ya chipsi mayai tukalipa, ndipo mjomba akaleta hoja. Amekubali bomba la moshi ligeuzwe upande wa barabara. Bati la bomba tunanunua sisi, na mwanawe anacheza bure Jumapili. Shelfu ya mashine nimeipandisha juu na kuizungushia wavu wa dirishani, ila nimeacha nafasi ya shubiri nzima kati ya wavu na matundu. Ukibandika wavu kwenye tundu la hewa lenyewe unaizuia mashine kupumua, unarudi ulikotoka.

Jumapili: habari ya taulo

Siku haina kazi. Baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe aliniuliza kama ni kweli mashine inafufuka ukiifunga taulo. Nimecheka, lakini habari hiyo ina ukweli ndani yake, na nadhani inaihusu kesi yangu.

Ilikuwa Xbox 360, mashine ya Microsoft iliyotoka Novemba 2005. Ikifa inawasha taa tatu nyekundu kwenye duara la mbele. Watu waliizungushia taulo ikiwa inawaka ili ijipike, na kuna waliofanikiwa kucheza siku chache baada ya hapo. Julai 2007 Microsoft ikatangaza kwamba ugonjwa huo unapewa waranti ya miaka mitatu, na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa kazi hiyo. Chanzo kilikuja kuelezwa hadharani na wahusika wenyewe mwaka 2021: viunganishi vya ndani ya chipu vilikuwa vinakatika kwa kupata moto na kupoa, kila mtu alipowasha na kuzima mashine yake. Taulo lilikuwa linagusanisha vilivyokatika, mpaka vipoe tena.

Peter Moore, aliyekuwa anasimamia kitengo cha Xbox huko Microsoft, alisimulia baadaye kwamba hesabu aliyompelekea bosi wake Steve Ballmer ilikuwa dola bilioni 1.15, na kati ya hizo milioni 240 zilikuwa za FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Zaidi ya moja ya tano ya bili ilikuwa ni gari la kwenda mlangoni kwa mteja na kurudi. Ndipo ninapoona tofauti yetu. Waranti ya mashine hizi ni gari, na gari lina ramani. Aliye nje ya ramani anabaki na taulo.

Jumanne ya pili: Diski

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kawaida, lenzi imechoka. Nimepata draivu nzima, yaani sehemu yote inayosoma CD, kutoka mashine iliyoungua bodi, ya toleo lile lile. Nimeihamisha, nimeunga nyaya, nimewasha. Draivu inavuta CD vizuri, inaizungusha, na mashine inasema haioni kitu.

Hapa siyo umeme, ni programu. Kwenye mashine za kizazi kile draivu na bodi kuu vimeoanishwa kiwandani, kila bodi inaijua draivu yake kwa ufunguo wa siri ulioandikwa ndani ya kibao kidogo cha draivu. Ukileta draivu ngeni, hata ikiwa nzima, bodi inaikataa. Wanasema ni kinga dhidi ya gemu za wizi. Sawa, lakini mtu mwenye CD halali na lenzi iliyokufa naye anakula hasara ya mwizi. Huko Marekani ilibidi Maktaba ya Bunge itoe ruhusa maalumu Oktoba 2021 ili kuvunja kufuli la draivu ya mashine ya gemu kwa ajili ya ukarabati kusihesabiwe kosa. Ruhusa hiyo inagusa draivu tu; vipuri vingine havimo.

Njia ya halali na ya uvumilivu: kibao kidogo cha draivu ya zamani kinatolewa na kuhamishiwa kwenye mwili wa draivu mpya. Ufunguo unabaki ule ule, lenzi inakuwa mpya. Kwenye kibao hiki nyaya za mota zimechomewa moja kwa moja, kwa hiyo ni kuzifyatua na kuzichomea upya bila kupindua mpangilio. Nilipiga picha kabla ya kugusa. Utepe wa lenzi una kilimi cha kubana ambacho kikivunjika hakina dawa, unakiinua kwa kucha tu.

Imesoma CD. Nimeiandika "Diski, draivu mpya, kibao cha zamani" kwa peni ya kudumu chini ya mashine, ili fundi atakayekuja baada yangu asitupe kibao hicho akidhani ni taka.

Ijumaa: ndoo ya pedi

Kwa kifupi. Pedi zinazojiendesha zenyewe, mchezaji anatembea kushoto bila kuguswa, ugonjwa ni analogi, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba. Ndani yake kuna vipima-ukinzani viwili vyenye njia ya kaboni, na kaboni inaliwa kila kidole kinaposukuma. Spiriti inasaidia kwa wiki, haiponyi. Nimebadilisha analogi kwenye zile zenye vitufe vizima, nyingine nimezifanya vipuri. Zipo analogi za sumaku ambazo hazisuguani, ni ghali kidogo na pedi nyingine zinataka zipangwe upya kwa programu. Nimeagiza chache nijaribu.

Ugonjwa huu umefika mpaka mahakamani. Nintendo walishtakiwa Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya pedi za mashine yao ya Switch, rais wao Shuntaro Furukawa akaomba radhi Juni 2020, na mwaka 2023 wakakubali kuzitengeneza bure kwa wateja wa Ulaya hata waranti ikiwa imeisha. Ramani ile ile niliyoisema Jumapili.

Wiki ya tatu: Mpya inasafiri

Mjomba ndiye aliyeamua. Nilimweleza habari ya kumbukumbu za gemu na msimu wa ligi, nikamwambia mhudumu hafungui ukurasa mwingine bila hiyo. Akasema, "Mwanangu, mashine hailali hapa mezani kwa ajili ya timu ya mtoto. Futa." Nikafuta. Mashine ikawaka ikiwa tupu, ikatukaribisha kwa lugha kumi na kitu, ikazima yenyewe kwenye ukurasa wa kuchagua lugha. Niliirekodi hiyo video kwa furaha ya ajabu.

Mhudumu alipoiona, mambo yakabadilika papo hapo. Mashine inastahili huduma. Ipelekwe kwenye kituo chao Dubai, wao hawachukui wala kurudisha nje ya Falme za Kiarabu. Nilijaribu kuuliza kama kuna njia ya kituo kilicho karibu. Jibu lilikuja na pole tatu na "hapana" moja. Sheria zetu za kumlinda mlaji zinamkamata muuzaji aliyeko hapa nchini, na muuzaji wangu yuko Deira, Dubai.

Kwa hiyo mzigo wa Kariakoo. Mawakala wa kupeleka Dubai wapo, ingawa wengi wamezoea mizigo ya kuja. Yule niliyempata aliniuliza mara mbili kama sijakosea upande. Nimeifunga kwa sponji pande zote, nimepiga picha stika ikiwa nzima, skrubu zikiwa nzima na namba ikisomeka, kwa sababu jibu la kwanza la vituo hivi mara nyingi ni "imefunguliwa". Nakala ya picha ya risiti nimeichapisha kwa wino wa kweli. Shemeji akaipokea, akaipeleka mwenyewe kituoni baada ya kazi, akanitumia ujumbe: "Shem, hawa wameniomba niichomoe na kuichomeka."

Kituo hawakuitengeneza. Walimpa nyingine iliyokarabatiwa, namba tofauti, na karatasi inayosema waranti ni ile iliyobaki ya mwanzo au siku 90, lolote lililo refu. Hakuna maelezo ya ugonjwa. Mimi nilikuwa naishuku pawa saplai, nilitamani sana kujua, lakini aliyeifungua hakuandika.

Imerudi na abiria, kama ilivyokuja mara ya kwanza. Nimeiunga kupitia kilinda-friji chenye kuchelewesha umeme ukirudi, iko juu ya shelfu, nyuma ya wavu. Imecheza mchana kutwa bila kuzima.

Hesabu kwa mjomba: poti, draivu, analogi, bati la bomba, wavu, mzigo wa kwenda Dubai. Mzigo peke yake umezidi vyote vingine vikijumlishwa. Amesoma karatasi hadi chini, akaniuliza kama mashine tatu nilizozifungua mwenyewe zina waranti. Nikamwambia zina, ya kwangu, na mimi nakaa mtaa wa pili.

Kilichobaki ni yule dogo wa darasa la sita. Alikuja baada ya shule, akawasha *Mpya*, akakuta timu yake haipo. Hakulia. Alidai mechi za msimu mzima alizokwisha kulipia, akataja jumla kichwani bila kusita, na mjomba alipopiga hesabu kwenye kikokotoo ikatoka ile ile. Wamekubaliana nusu, zichezwe kabla ya saa nne asubuhi.

Zinazofuata: analogi za sumaku zikifika, na kumlipa mwenye bati.